Nani Alitoa Namba

Mzazi wa kwanza alifika Jumatatu saa mbili asubuhi, Fundi hajatia hata uzi kwenye sindano. Alisimama mlangoni na nguo zake za kazini, akasema amepita kuchukua sare mbili za mwanawe, zile za punguzo alizolipia Ijumaa. Fundi akamwambia hana sare za punguzo. Huu ni mwaka wa sita anashona sare za shule hiyo na hajawahi kumpunguzia mtu, hata wifi yake, na wifi yake mpaka leo hajamsamehe. Yule mama akatoa simu akamwonyesha. Ulikuwa ukurasa wa Fundi mwenyewe, na picha yake mwenyewe akiwa ameinamia cherehani, na chini yake maneno ambayo hakuyaandika yeye: sare mbili kwa bei ya moja, mwisho Jumamosi, tuma kwa namba hii mpya.

"Hii namba si yangu," Fundi alisema.

"Lakini ukurasa ni wako."

"Ukurasa ni wangu."

"Basi mimi nimelipa kwako."

Hoja hiyo ilimsumbua Fundi wiki nzima. Alichukua simu yake ili aingie kwenye ukurasa afute yale maneno, akaambiwa neno la siri si sahihi. Akaliandika tena taratibu, kwa kidole kimoja, yule mama akiwa amemsimamia. Si sahihi. Alikuwa amefungiwa nje ya nyumba yake, na ndani wageni wanakula kwa jina lake.

Hadi Jumanne jioni walikuwa wamekuja kumi na tisa. Wangegomba ingekuwa afadhali, maana mtu akigomba unaweza kugomba naye. Wengi waliongea pole pole, wakitazama pembeni, kama watu waliomkuta jirani yao hajavaa. Baba mmoja mpaka uani alimfuata, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa nyumbani, kama kuna shida, aseme tu, watamwelewa. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alimjibu hakuna mgonjwa, na akaona kabisa kwamba yule baba angependelea awepo.

Mumewe aliporudi kutoka kiwandani alikuta habari imemtangulia mtaani. Alikuwa mkataji wa miche katika kiwanda cha sabuni, mtu wa maneno machache, na hata nyumbani alinukia usafi ambao hawakuwa na fedha ya kuununua. Hakuuliza mengi. Alitoa simu yake mfukoni, akapekua, akampa mkewe asome. Alhamisi iliyopita, saa kumi na dakika kumi alasiri, ulikuwa umeingia ujumbe wa namba sita za kufungulia ukurasa. Dakika mbili baadaye kulikuwa na simu iliyopokewa, kutoka namba ngeni.

"Alhamisi ulikwenda duka la fotokopi?"

"Alhamisi nilikuwa shuleni, napima watoto wa darasa la kwanza. Siku nzima."

Wakatazamana. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza zaidi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka jana Fundi alinyang'anywa simu sokoni. Alipopata nyingine, wajuzi wa mtaani walimshauri auwekee ukurasa wake ulinzi wa hatua mbili, yaani neno la siri kwanza, halafu namba sita zinazotumwa kwa simu kila unapoingia kupitia kifaa kingine. Na namba hizo, wakamwambia, zisije kwenye simu yako wewe, maana mwizi akiiba simu ameiba na ufunguo. Ziende kwa mume. Ushauri ulimwingia. Ila mume alishinda kiwandani, na kiwandani simu haziingii tangu kijana mmoja apoteze vidole viwili kwenye mashine akisoma ujumbe. Kila mfanyakazi huacha simu yake getini, ndani ya sanduku la mbao lenye vyumba vidogo vidogo vyenye namba. Ya mumewe ilikaa chumba cha ishirini na tatu, chini ya tangazo lililosema mlinzi haruhusiwi kugusa simu ya mtu.

Mlinzi mwenyewe waliyemwita Afande, ingawa jeshi alilisikia redioni tu, alilishika tangazo hilo kama sala. Lakini kamera ya simu ya Fundi ilikuwa na ufa, picha za sare alipigiwa na kupandishiwa duka la fotokopi, kwenye kompyuta ya pale, na kompyuta kila mara ilidai namba sita. Mara ya kwanza alipopiga simu ya mumewe na Afande kuipokea, Afande alimkatalia. Mara ya pili alimkatalia kwa adabu. Mara ya tatu Fundi alimbembeleza, akamwambia wateja wanasubiri, Afande akavaa miwani akamsomea. Baada ya mwezi ikawa desturi. Fundi alipiga, akaamkia, akauliza habari za miguu yake, kwa kuwa Afande alikuwa anavimba miguu kwa kusimama. Afande akamsomea namba mbili mbili na kumtaka azirudie. Na kwa sababu mashine ya fotokopi ina kelele, Fundi alizirudia kwa sauti, namba ya mumewe ikisomeka kwenye kioo cha simu, foleni nzima iko mgongoni mwake. Neno la siri nalo binti wa duka alikuwa ameshaiambia kompyuta ilikumbuke, asimsumbue mteja. Siri hiyo ilikuwa na mashahidi wengi kuliko ndoa yake.

"Ni mtu wa kwenye ile foleni," Fundi alisema.

"Ni mtu," mumewe alijibu, akavua viatu.

*

Jumatano alikwenda kwa binti anayetengeneza simu kwenye kibanda kilicho kona ya barabara. Binti hakucheka, na Fundi alimshukuru kwa hilo. Alimkalisha kwenye stuli, akafungua fomu ya kuomba ukurasa urudishwe, akamwambia atazame kamera, ageuze uso kushoto, kulia, juu. Wapita njia walisimama kumtazama mama mtu mzima akigeuza shingo mbele ya simu. Jibu, binti alisema, litatoka baada ya siku tatu mpaka saba. Likitoka, wataiondoa simu ya mumewe kabisa. Namba zitatengenezwa ndani ya simu yake mwenyewe Fundi, zikibadilika kila nusu dakika, na namba nyingine chache za akiba ataziandika kwenye karatasi aifiche.

"Na hizo humsomei mtu," binti alisema. "Akikupigia mtu wa benki, humsomei. Akipiga mwalimu, humsomei."

"Hata mume?"

"Hata mume. Yeye atamtajia mtu mwingine kwa nia njema tu."

Fundi alikuta barua ya mwalimu mkuu mlangoni aliporudi. Kamati ya wazazi itakutana Jumamosi saa nne. Afike na maelezo ya maandishi, yenye muhuri, kuonyesha ukurasa uliibwa vipi na nani alitoa namba za kuufungua. Asipokuwa nayo, kamati itampa kazi ya sare fundi mwingine, yule mwenye duka lenye vioo barabara kuu. Fundi hakuvua hata kanga. Alikwenda shuleni hapo hapo na karatasi ya polisi aliyoipata jana yake baada ya kukaa kwenye benchi saa tatu. Mwalimu mkuu aliisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Mama, karatasi hii inasema kwamba umesema umeibiwa," alimwambia. "Mimi nataka inayosema umeibiwa."

Mshahara wa sabuni ulilipa kodi ya vyumba viwili, basi. Chakula, ada ya watoto watatu, dawa, vyote vilitoka kwenye sare. Mtu akimwondolea Fundi sare, amemwondolea chungu jikoni. Hilo halikuhitaji muhuri.

Jioni hiyo mumewe ndiye aliyeitaja njia. Afisa utumishi wa kiwanda angeweza kuandika barua, na yenye muhuri, siku hiyo hiyo. Ingetosha kumwambia kwamba mlinzi alipokea simu ya mfanyakazi na kumsomea mtu namba zake. Alisema hivyo akitazama mlango, na Fundi akajua kuna la pili.

"Amebakiza miezi minne astaafu," mumewe alisema. "Miaka ishirini na sita pale getini. Akikutwa na kosa anatoka mikono mitupu, kiinua mgongo hakioni."

"Sisi tunatoka na nini?"

"Nakwambia tu ujue."

"Nimejua. Kesho nenda kaandikishe."

Alilala na hasira na aliamka nayo. Watu hupenda kusema kwamba mwenye dhiki humwonea huruma mwenye dhiki mwenzake. Pengine ni kweli siku ambazo hakuna anayemsubiri mlangoni. Fundi asubuhi hiyo alikuwa amegongewa mlango na mzazi wa ishirini, ambaye hakuwa amelipa ila alikuja kuuliza kama na yeye ameibiwa au bado.

Alhamisi mumewe alirudi bila barua. Fundi akamuuliza kama afisa hakuwepo. Alikuwepo. Akamuuliza kama alikataa. Hakukataa, maana hakuulizwa. Mume alikuwa amefika mpaka kwenye mlango wa ofisi wakati wa mapumziko, akasimama, akasoma matangazo yote ya ukutani, akarudi kwenye mashine yake.

"Ulisoma matangazo," Fundi alisema.

"Nilisoma."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Wewe hukai hapa mchana. Huwaoni wanavyonitazama."

Mume aliinama akala mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema kwamba kila asubuhi, miaka tisa, anamwachia yule mzee simu yake, na kila jioni anaikuta. Fundi akajibu kwamba simu ameikuta, kilichopotea ni mke. Akainuka kuosha vyombo, akaviosha kwa kelele.

*

Ijumaa alijipeleka mwenyewe. Alifika kiwandani saa sita mchana, jua limesimama kichwani, akiwa amekwishapanga maneno yake tangu nyumbani. Hakuwahi kumwona Afande kwa macho. Kwa sauti ya simuni alikuwa amemfikiria mtu mrefu mwenye mabega. Aliyesimama kwenye kibanda cha geti alikuwa mzee mfupi, koti la sare limemzidi mikono, na viatu amevikanyaga visigino kwa sababu miguu haikuingia.

"Shikamoo Afande."

Mzee alimtambua kwa neno hilo moja. Alishika ukingo wa dirisha kwanza.

"Marahaba, shemeji."

Fundi alikuwa amejiandaa kukanushiwa, au kuombwa. Hakuombwa. Mzee alisema kwamba amekuwa akimtazamia tangu Jumatano, siku mumewe alipokuja kumuuliza habari za ile simu ya Alhamisi. Alieleza bila kupamba. Ilipigwa simu ya chumba cha ishirini na tatu, sauti ya mwanamke, ikasema leo anatumia simu ya watu.

"Aliniamkia. Akaniita Afande. Akaniuliza miguu inaendeleaje," alisema. "Nikamsomea mbili mbili, akarudia. Nilivyokusomea wewe, shemeji, ndivyo nilivyomsomea yeye. Sikuona tofauti."

Fundi alitazama chini. Nani alikuwa amemfundisha mzee huyu kupokea simu ya mtu? Nani alimbembeleza mara tatu mpaka akavunja amri iliyobandikwa juu ya kichwa chake? Ingekuwa rahisi zaidi kama angejitetea. Nyuma ya mzee, kwenye sanduku la mbao, simu zilikuwa zimelala kwenye vyumba vyake, na moja ikaita muda mrefu. Afande hakuigeukia.

"Ofisi ya utumishi ni mlango wa pili kushoto," alisema. "Afisa yupo, ameingia sasa hivi. Ila lazima nikuandike."

Akalifungua daftari la wageni. Aliandika tarehe, saa, akaandika kwamba ni mke wa namba ishirini na tatu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa. Alipofika kwenye safu ya mwisho kalamu ilisimama.

"Sababu ya kuja," alisema. "Niandike nini?"

Aliuliza kama anavyouliza kila mgeni, lakini hakuinua macho. Fundi aliiangalia kalamu ile. Alitaka aandike ukweli. Alitaka sana. Alikuwa na watoto watatu na cherehani moja na Jumamosi ilikuwa kesho, na mlango wa pili kushoto ulikuwa wazi, akiuona. Kumfukuza mzee huyu kulikuwa kazi, na nguvu za kazi hiyo hakuwa nazo, na alijua hata angekuwa nazo asingezitumia.

"Andika nimemletea mume wangu chakula," alisema.

Afande alitazama mikono ya Fundi, ambayo haikushika kitu. Kisha akaandika, herufi moja moja, na kumgeuzia daftari atie saini.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la tatu, na wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagonga kidevuni. Mumewe aliomba ruhusa kazini, siku isiyolipwa, akaenda naye. Walikuwa hawajasemezana vizuri tangu Alhamisi. Fundi alikuwa amemwambia tu kwamba barua haipo, na mumewe alikuwa amejibu "haya." Habari moja nzuri ilikuwa imekuja asubuhi hiyo. Ukurasa ulirudi, binti wa simu akaweka ulinzi kama alivyoahidi, na Fundi alipoufungua alikuta chini ya picha yake watu sitini na wawili wamemwita mwizi. Alijaribu kuwafuta, akachoka wa kumi na mmoja.

Walimsimamisha mbele, karibu na ubao. Mwalimu mkuu aliuliza barua iko wapi. Fundi akasema hana barua. Akasema wote kumi na tisa waliolipa atawashonea sare zao bila kuwadai hata senti, vitambaa atatafuta mwenyewe, na anaomba asinyang'anywe kazi. Minong'ono ilipita kwenye madawati. Baadhi waliitikia kwa kichwa. Lakini katibu wa kamati, mwanamke wa kalamu mbili, alisema kamati haikuuliza habari ya kulipa, iliuliza swali moja, na swali bado liko pale pale. Nani alitoa namba?

"Mimi," Fundi alisema.

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Katibu akaandika. Mwalimu mkuu akavua miwani, akawageukia wazazi kama anavyowageukia watoto wao, akauliza tunajifunza nini hapo. Akarudia swali. Sauti chache za nyuma zikasema tusitoe namba. Akauliza kwa nani, wakasema kwa mtu yeyote. Fundi alikuwa amesimama muda wote huo, mikono mbele, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamsomesha kitu asichokijua.

Ndipo yule mama wa Jumatatu akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kuelewa fedha yake ilipitia wapi.

"Mimi naomba tu anieleze," alisema. "Mtu usiyemjua anakupigiaje simu, na wewe unamsomeaje? Alikwambia nini?"

Fundi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Uongo alioubeba kutoka nyumbani ulikuwa neno moja tu, na neno hilo alishalitumia. Akatafuta, akakuta kichwani mwake kuna maneno ya mtu mwingine, akayachukua hayo.

"Aliniamkia," alisema. "Aliongea kwa heshima. Akaniuliza miguu yangu inaendeleaje. Nikaona ni mtu anayenijua."

Mmoja akacheka puani, na kicheko kikashika dawati hadi dawati. Miguu! Mtu ameibiwa kwa kuulizwa miguu! Baba mmoja akauliza kwa sauti miguu yake ina nini cha kuulizwa, mbona wao wanaiona mizima, na darasa zima likaangua, hata mwalimu mkuu akauma mdomo. Wote waliitazama miguu ya Fundi, mikavu, ndani ya ndala zake. Yeye pia aliitazama.

Kwenye dawati la nyuma mumewe alikuwa ameinua kichwa. Kiwandani kote hakukuwa na asiyejua miguu hiyo ni ya nani. Fundi aliona uso wake ukibadilika, akaogopa, maana mume huyu hakuwahi kusema uongo, na mbele za watu hakuwahi kusema kitu. Aliinuka taratibu, dawati dogo likimng'ang'ania mapajani, akapita katikati ya wazazi mpaka ubaoni, akasimama kando ya mkewe.

"Inavimba," alisema. "Anakaa mno kwenye cherehani. Usiku mimi ndiye ninayemkanda."

Kicheko kikakatika. Yule baba aliyeuliza akainamisha kichwa. Katibu alishika kalamu akitafuta mahali pa kuliandika hilo, hakupapata. Mwalimu mkuu alikohoa, akavaa miwani, akasema basi wapige kura, wanaotaka kazi ya sare iende kwa fundi wa barabara kuu wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mmoja mmoja, mingine ikichelewa, mpaka ikapita nusu ya darasa. Hakuna aliyewaambia wakae, wakabaki wamesimama wote wawili mpaka ikaisha kuhesabiwa.